Joe Louis Anastahili Kuwekwa wa Ngapi?

Jioni moja mwezi uliopita, katika bwalo la maofisa, yalizuka mabishano ambayo hayakwisha hata chai ilipopoa mezani. Kilichoyazusha ni orodha iliyochapwa katika jarida moja la michezo, iliyowapanga mabingwa wa dunia wa ngumi za uzito wa juu kuanzia wa kwanza hadi wa kumi. Muhammad Ali aliwekwa juu kabisa, na hilo halikumshangaza mtu. Joe Louis aliwekwa wa sita. Kapteni mmoja kijana akasema kwamba hata hiyo nafasi ya sita amepewa kwa huruma, maana Louis alipigana na wazembe, kisha akakubali kutumiwa na jeshi la nchi iliyombagua, kama ngoma ya kuitia watu mkutanoni. Ofisa mwingine, mkubwa kwa cheo na kwa umri, akagonga meza na kusema kwamba Louis ndiye wa kwanza na hakuna haja ya kubishana: yeye alivaa sare nchi yake ilipokuwa vitani, na Ali aliikataa. Mimi nilinyamaza, jambo ambalo si desturi yangu wala ya kazi yangu. Kwa kuwa si adabu kumpinga mkubwa mbele ya watumishi wa bwalo, nimeomba nafasi katika ukurasa huu nijibu kwa maandishi, na afande aliyegonga meza amenipa ruhusa kwa sharti kwamba nisimtaje jina.

Naanza kwa kusema kwamba wote wawili wamekosea, na kosa lao ni moja. Wamemhukumu Louis kwa sare. Mmoja amemshusha kwa sababu aliivaa, na mwingine amempandisha kwa sababu iyo hiyo. Hakuna aliyeuliza swali linalotupasa kuuliza tunapowapanga wanamasumbwi: je, miaka ile aliyokaa ndani ya sare ilimgharimu nini ulingoni, nasi katika hesabu yetu tumeiandika wapi?

Wapo vijana ambao jina hili wanalisikia kwa mbali, basi na wavumilie maneno machache. Joseph Louis Barrow alizaliwa tarehe 13 Mei 1914 katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani, kwa wazazi waliolima mashamba ya watu wengine. Utotoni alihamia Detroit, mji wa viwanda vya magari, na huko ndiko alikojifunza ngumi. Alianza kupigana kwa malipo tarehe 4 Julai 1934. Lazima tukumbuke hali ilivyokuwa wakati ule. Tangu Jack Johnson alipopoteza ubingwa mwaka 1915, hakuna mtu mweusi aliyepata kuruhusiwa hata kuugombea ubingwa wa dunia wa uzito wa juu. Johnson alikuwa ameishi apendavyo na kusema apendavyo, na weupe wa Marekani waliwaadhibu kwa ajili yake mabondia weusi wote waliomfuata. Kwa hiyo wasimamizi wa Louis, ambao nao walikuwa weusi, walimwekea amri kali: asimringie mpinzani aliyeanguka, asipigwe picha akiwa na mwanamke mweupe, asiseme neno la kuwachokoza watu. Louis akatii. Wanaomlaumu kwa ukimya wake na kumsifu Ali kwa ulimi wake husahau kwamba Ali aliingia nyumba ambayo mlango wake ulikwisha kufunguliwa, na aliyeufungua aliufungua bila kupiga kelele, kwa sababu angepiga kelele usingefunguliwa.

Ubingwa aliupata Chicago tarehe 22 Juni 1937, akiwa na umri wa miaka 23. James Braddock alimwangusha katika raundi ya kwanza. Louis akainuka, na katika raundi ya nane akamlaza Braddock asiweze kuamka. Hakuuachia ubingwa huo mpaka alipojiuzulu mwenyewe mwezi Machi 1949. Hiyo ni miaka 11 na miezi minane. Katika muda huo aliutetea mara 25. Hakuna bingwa wa uzito wa juu, kabla yake wala baada yake, aliyeifikia hesabu hiyo. Larry Holmes alifika 20. Wladimir Klitschko, aliyetawala kuanzia mwaka 2006 hadi 2015, alifika 18 mfululizo. Ali, ukijumlisha vipindi vyake vyote vya ubingwa, ana 19. Rocky Marciano, ambaye wengi humweka juu ya Louis kwa kuwa hakupata kushindwa katika mapambano yake 49, aliutetea ubingwa mara 6 kisha akaenda zake nyumbani.

Kapteni wetu atasema: idadi si hoja, hoja ni aliowapiga. Haya, na tuwatazame. Gene Tunney alipojiuzulu mwaka 1928, ubingwa ulipita katika mikono ya watu watano mpaka kumfikia Louis: Max Schmeling, Jack Sharkey, Primo Carnera, Max Baer na Braddock. Louis alipigana na hao watano wote, na wote watano aliwaangusha kabla ya raundi kwisha. Bingwa gani mwingine amewaangusha watangulizi wake watano mmoja baada ya mwingine? Ali hakufanya hivyo, wala Foreman, wala Tyson. Isitoshe, Jersey Joe Walcott, ambaye alikuja kuwa bingwa mwaka 1951, naye Louis alimwangusha mwaka 1948.

Ni kweli kwamba kati ya mwezi Desemba 1940 na Juni 1941 waandishi wa Marekani waliwapa wapinzani wa Louis jina la dhihaka, kana kwamba kila mwezi analetewa goigoi mmoja wa kumpiga. Majina yao hayakumbukwi sana, nakubali: Al McCoy, Red Burman, Gus Dorazio, Tony Musto. Lakini hayo yalikuwa mapambano saba ya kutetea ubingwa wa dunia katika muda wa miezi saba. Katika siku zetu bingwa hupigana mara moja au mbili kwa mwaka, na kabla ya kila pambano mawakili huandikiana barua za mikataba mpaka wapenzi wa mchezo wanachoka. Atakayesema kwamba Louis alipiga wanyonge ni lazima pia aseme kwamba Louis hakumkimbia mtu, na kwamba yeyote aliyebisha hodi alifunguliwa. Tena huyo wa saba hakuwa goigoi hata kidogo. Alikuwa Billy Conn, na habari zake nitazirudia, kwa sababu ndizo zitakazonilazimu kusema jambo ambalo moyo wangu haulipendi.

Kabla ya Conn, Schmeling. Tarehe 19 Juni 1936 Mjerumani huyo alimpiga Louis na kumwangusha katika raundi ya 12. Schmeling alikuwa amemchunguza Louis kwa makini, akagundua kwamba kila anapokwisha kurusha ngumi yake fupi ya kushoto, mkono unarudi ukiwa chini kidogo, na taya linabaki wazi kwa mkono wa kulia wa mpinzani. Sisi tuliopita shule ya makadeti tulipiganishwa ngumi tukitaka tusitake, na mkufunzi wetu alikuwa na neno moja tu alilolirudia mpaka likatukera: "Rudisha mkono ulikoutoa!" Siku niliyosoma habari za Schmeling ndipo nilipoelewa kwamba yule sajini hakuwa akitupigia kelele bure.

Mtu hupimwa kwa alivyoshindwa na kwa alivyorudi. Walipokutana tena tarehe 22 Juni 1938, katika uwanja wa Yankee huko New York, mbele ya watu wapatao 70,000, haikuwa tena habari ya watu wawili. Serikali ya Hitler ilikuwa imemfanya Schmeling ishara ya ubora wa kabila lake, ingawa mwenyewe hakuwa mwanachama wa chama cha Nazi, na baadaye mwaka huo huo aliwaficha vijana wawili wa Kiyahudi wasikamatwe. Louis alimaliza pambano kwa sekunde 124. Katika sekunde hizo Schmeling alianguka mara kadhaa, na kona yake ikatupa taulo. Wapo wanaosema ushindi wa haraka namna ile hauthibitishi kitu. Mimi nasema unathibitisha kwamba kosa lililogunduliwa mwaka 1936 lilikuwa limesahihishwa, na kwamba mwanafunzi aliyesahihisha kosa lake kiasi kile alistahili kuitwa mwalimu.

Neno moja juu ya maumbile, kisha nitaliacha. Vijana husema Louis alikuwa mdogo mno kwa majitu ya siku hizi. Alikuwa na uzito wa kilo 90 hivi. Lakini Carnera alipopanda ulingoni naye mwaka 1935 alikuwa na kilo 118, naye alilala katika raundi ya sita. Na mwezi Mei 2024, huko Riyadh, Oleksandr Usyk alimshinda Tyson Fury aliyemzidi uzito kwa kilo zaidi ya 15. Basi ukubwa wa mwili peke yake usitutishe.

Sasa tuingie vitani.

Tarehe 9 Januari 1942, mwezi mmoja baada ya Wajapani kuishambulia Pearl Harbor, Louis alimpiga Buddy Baer katika raundi ya kwanza, na malipo yake akayatoa kwa mfuko wa kuwasaidia jamaa za wanamaji wa Marekani. Wakati ule jeshi la majini la Marekani liliwapokea watu weusi kama watumishi wa mezani tu. Louis alilijua hilo, na aliulizwa juu yake. Mwezi huo huo akajiandikisha katika jeshi la nchi kavu kama askari wa kawaida asiye na cheo. Mwezi wa Machi akapigana tena, na Abe Simon, na safari hii fedha zikaenda kwenye mfuko wa jeshi lake. Baada ya hapo hakutetea ubingwa wake tena mpaka tarehe 19 Juni 1946. Alikuwa na miaka 27 alipoondoka ulingoni, na alirudi akiwa na miaka 32.

Na tazama jinsi historia ilivyopanga mambo. Tarehe 17 Januari 1942, mwezi ule ule Louis alioingia jeshini, katika mji wa Louisville alizaliwa mtoto aliyeitwa Cassius Clay, ambaye dunia baadaye ilimjua kwa jina la Muhammad Ali. Naye pia jeshi lilimwondoa ulingoni. Alimpiga Zora Folley tarehe 22 Machi 1967 akiwa na umri wa miaka 25. Mwezi uliofuata, huko Houston, akakataa kuandikishwa kwenda vita vya Vietnam. Akanyang'anywa ubingwa na vibali vya kupigana. Akahukumiwa kifungo cha miaka mitano, ingawa hakufungwa kwa kuwa alikata rufani. Hakupigana tena mpaka tarehe 26 Oktoba 1970. Miaka mitatu na miezi saba. Mmoja alipoteza miaka yake mizuri kwa sababu aliitika wito, na mwingine kwa sababu aliukataa.

Kila ninapoketi na wapenzi wa ngumi nasikia ile miaka ya Ali ikililiwa. "Lau wasingemzuia!" husema. "Lau tungemwona akiwa na miaka 26, na 27!" Na Frazier alipomshinda tarehe 8 Machi 1971, tunaambiwa pambano hilo lisihesabiwe sana, miguu ya Ali ilikuwa haijarudi. Nakubali kabisa. Lakini ni nani anayeililia miaka ya Louis? Ilikuwa mirefu kuliko ya Ali kwa miezi kadhaa, na ilimchukua katika umri ule ule ambao bondia wa uzito wa juu huwa amekomaa. Alipoporomoshwa mara mbili na Walcott mwezi Desemba 1947, akashinda kwa kura za majaji waliogawanyika, tena yeye mwenyewe akitaka kushuka ulingoni kabla ya kura kusomwa, hakuna anayesema miguu ya Louis ilikuwa imebaki vitani. Wanasema: mnaona, hakuwa mzuri kiasi hicho. Mizani hiyo ina jiwe upande mmoja.

Labda ni kwa sababu tunadhani Louis alikuwa akipigana huko jeshini. Hakuwa akipigana. Alifanya maonyesho ya ngumi yapatayo 96, Marekani kwenyewe, Uingereza, Italia na Afrika ya Kaskazini, mbele ya askari wanaohesabiwa kufikia milioni mbili. Aliyepata kuona maonyesho ya namna hiyo anajua yalivyo: glavu nene, raundi chache, kijana wa kikosini anayetaka kuwaandikia nyumbani kwamba amepanda ulingo mmoja na bingwa, na bingwa anayejizuia asimwumize. Mchezo huo huwafurahisha askari, nami kwa kazi yangu najua thamani ya kuwafurahisha askari walio mbali na kwao. Lakini kwa mwanamasumbwi ni kama mkimbiaji aliyeambiwa atembee miaka minne.

Hapa nimjibu kapteni juu ya ile ngoma. Mimi ni ofisa wa uhusiano. Kuwatangaza mashujaa ni sehemu ya mkate wangu, na sitakana kwamba jeshi la Marekani lilimtangaza Louis kadiri lilivyoweza. Lilichapa picha yake akiwa na sare na bunduki yenye singe, pamoja na maneno aliyoyasema mbele ya watu huko New York, kwamba wao watashinda kwa kuwa wako upande wa Mungu. Inasimuliwa kwamba watu walimtarajia aseme kuwa Mungu yuko upande wao, kama ilivyo desturi ya wasemaji wa vita, naye akaligeuza. Naapa hakuna ofisa wa uhusiano, wa nchi yoyote, ambaye angemwandikia sentensi ile. Na alipoulizwa kwa nini ajiunge na jeshi lililowatenga weusi, inasemekana alijibu kwamba Marekani ina makosa mengi, lakini Hitler hatayasahihisha.

Yako pia mambo ambayo picha za matangazo hazikuyaonyesha. Katika kambi ya Fort Riley, jimbo la Kansas, walikuwepo vijana weusi wenye elimu waliotaka kuingia shule ya maofisa na maombi yao yakakaa bila kujibiwa. Mmoja wao alikuwa Jackie Robinson, yule ambaye mwaka 1947 alikuwa mtu mweusi wa kwanza wa zama zake kuchezea ligi kuu ya besiboli. Louis aliwapelekea habari zao watu aliowafahamu mjini Washington, na mlango ukafunguliwa. Mwezi Januari 1943 Robinson akawa luteni. Na mwaka 1944, katika kambi ya Sibert, Alabama, askari polisi walimwamuru Louis, pamoja na bondia Sugar Ray Robinson, waondoke mahali pa kungojea basi palipotengwa kwa weupe. Louis, bingwa wa dunia aliyevaa sare ile ile waliyovaa wao, akakataa, wakakamatwa. Ngoma haikatai kupigwa. Nikiikumbuka shule yangu ya makadeti, na jinsi nilivyoingojea barua ya kuitwa, siwezi kumwita ngoma mtu aliyetumia jina lake ili wengine waipate barua hiyo.

Alitoka jeshini mwaka 1945 akiwa sajini, na nishani ya Legion of Merit kifuani. Kisha akaja mtu wa kodi. Serikali ya nchi yake ilimdai kodi ya mapato ya miaka mingi, na katika mapato hayo zilihesabiwa hata zile fedha za Januari na Machi 1942 alizozitoa kwa mifuko ya jeshi bila kuzitia mkononi. Sisemi kwamba deni lote lilitokana na hizo. Louis alikuwa mkarimu kupita kiasi, alicheza gofu kwa kuweka fedha, na hesabu zake zilishikwa na watu wengine. Lakini riba ikazaa riba mpaka deni likapita dola milioni moja, na mtu aliyekwisha kujiuzulu kwa heshima akalazimika kuvaa glavu tena. Tarehe 27 Septemba 1950, akiwa na miaka 36, Ezzard Charles alimshinda kwa pointi. Tarehe 26 Oktoba 1951, akiwa na miaka 37, Marciano alimwangusha katika raundi ya nane. Baada ya hapo akashuka hadi kucheza mieleka ya maonyesho, na miaka yake ya mwisho alikuwa akiwakaribisha wageni kwenye jumba moja la kamari huko Las Vegas.

Louis alishindwa mara tatu tu maishani mwake kama bondia wa malipo. Mara ya kwanza ni Schmeling, na hilo alilifuta. Hizo mbili nyingine zaidi ni kazi ya mtu wa kodi kuliko ya Charles na Marciano, nasema hivyo bila kuwavunjia heshima mabingwa hao. Kwa hiyo yule anayemweka Marciano juu ya Louis kwa sababu ya usiku ule wa 1951, na aniambie kama atamweka Holmes juu ya Ali kwa sababu ya usiku wa tarehe 2 Oktoba 1980. Hatathubutu.

Alipofariki tarehe 12 Aprili 1981 hakuwa na sifa zilizotakiwa na kanuni za kuzikwa katika makaburi ya kijeshi ya Arlington. Rais Reagan akaitengua kanuni kwa ajili yake. Max Schmeling, ambaye baada ya vita alikuwa rafiki yake, husemekana alichangia gharama za mazishi. Jeshi lilimkumbuka, basi. Lingemkumbuka mapema zaidi, wakati barua za deni zilipokuwa zikipelekwa, lingefanya vizuri zaidi. Na hilo nalisema kwa wenzangu wote wa kazi hii, popote walipo, tunaozoea kuazima majina ya wanamichezo yanapotufaa.

Sasa nimgeukie afande wangu, ambaye mpaka hapa bila shaka anatabasamu. Naomba radhi. Baada ya hayo yote mimi namweka Muhammad Ali wa kwanza.

Nimekula kiapo, na sitajifanya kwamba jambo la mwaka 1967 halinisumbui. Askari hawezi kulipenda neno "nakataa". Hata hivyo Ali hakutoroka wala hakujificha; alisimama mahali alipoitwa, akakataa mchana kweupe, akalipa, na mwaka 1971 Mahakama ya Juu ya nchi yake ikaifuta hukumu yake bila jaji hata mmoja kupinga. Wanasheria wamekwisha kulisema lao. Orodha tunayoibishania ni ya watu waliopigana ngumi, na katika orodha hiyo swali ni moja: alisimama na nani, na akafanya nini?

Ali alisimama na Sonny Liston mwaka 1964, mtu ambaye mabondia wenzake walimwogopa kama radi, akamfanya aketi kwenye kiti chake na kukataa kuinuka. Alisimama na Joe Frazier mara tatu, akashinda mbili, na ya mwisho, ile ya Manila tarehe 1 Oktoba 1975, karibu iwaue wote wawili. Na alisimama na George Foreman huko Kinshasa, alfajiri ya tarehe 30 Oktoba 1974, kwa jirani zetu hapa, usiku ambao baba zetu hawakulala. Foreman alikuwa amemwangusha Frazier mara sita katika raundi mbili, na Ken Norton hakumchukua zaidi ya raundi mbili pia. Ali alikuwa na miaka 32, umri ule ule aliokuwa nao Louis aliporudi ulingoni baada ya jeshi. Akaegemea kamba, akapokea yale makonde mpaka mikono ya Foreman ikawa mizito, na katika raundi ya nane akamlaza. Louis, pamoja na ukubwa wake wote, hakupata kupambana na mtu kama Foreman yule. Halikuwa kosa lake, hakuwapo. Lakini siwezi kumpa mtu alama za mtihani ambao hakuletewa.

Tena kuna Conn. Tarehe 18 Juni 1941, Louis akiwa na miaka 27 na nguvu zake zote, Billy Conn, mtu aliyetoka uzito wa chini yake, alimzungukia kwa miguu myepesi raundi kumi na mbili, na karatasi za majaji zilimwonyesha Conn hajapitwa. Katika raundi ya 13 Conn akaingiwa na tamaa ya kumwangusha Louis, akaacha kuzunguka, akasimama wapigane, na Louis akammaliza sekunde chache kabla ya kengele. Watu husimulia habari hiyo kama sifa ya Louis, na ni sifa kweli, maana alingoja kosa moja kwa muda wa raundi kumi na mbili na lilipokuja hakulikosa. Lakini inaonyesha pia kwamba mtu mwepesi wa miguu alimsumbua hata kabla ya vita. Na Ali wa mwaka 1966 alikuwa mwepesi kama Conn, akiwa mrefu kuliko Louis na mzito kuliko Louis. Ali alikuwa na makosa yake, hasa ile tabia ya kuweka mikono chini na kukwepa kwa kurudisha kichwa nyuma, na ngumi ya kushoto ya kuzungusha ilimpata zaidi ya mara moja, muulizeni Henry Cooper aliyemwangusha London mwaka 1963. Kama wangekutana mara kumi, kila mmoja akiwa na miaka 25, naamini Louis angeshinda mara nne. Sita ni za Ali.

Kwa hiyo Louis ni wa pili. Si wa sita. Wa pili, na kati yake na Ali sioni nafasi ya kumpitisha mtu wa tatu, awe Marciano asiyeshindwa, awe Tyson aliyekuwa bingwa kabla ya kutimiza miaka 21. Kapteni akitaka kumwondoa hapo, na aje na miaka yote minne mikononi, aniambie ameifanyia hesabu gani.

Juu ya wa tatu niko tayari kusikiliza. Mimi namtaja Foreman, ambaye aliupata ubingwa mwaka 1973, na mwaka 1994, akiwa na miaka 45, akaupata tena. Afande aliyegonga meza anamtaka Jack Johnson. Kapteni anamtaka Larry Holmes, na hoja zake, lazima nikiri, si mbaya. Nimemshauri aziandike mwenyewe, kwa kuwa safari hii ukurasa wangu umejaa.